Maharagwe Yaliyongoja Usiku

Mkuu wetu wa karakana aliniomba niandike ukurasa mmoja kwa Kiswidi kuhusu miaka yangu ya kazi. Nikauandika, ukabandikwa jikoni karibu na mashine ya kahawa. Ukurasa ule una kila kitu isipokuwa mambo yaliyotokea. Haya ya hapa nayaandika kwa Kiswahili kwa ajili yenu mnaokaa ile meza ya dirishani saa ya chai, mmoja na Kiswahili cha Bukavu, mwingine cha Bujumbura, mwingine cha Nairobi, mnabishana mpaka Waswidi wanadhani kuna ugomvi. Someni taratibu. Mimi sina haraka tena.

Kama karatasi hizi zitamfikia asiyenijua: naitwa Mama Riziki, mzaliwa wa Uvira, fundi wa hewa mstaafu hapa Stockholm. Fundi wa hewa ni mtu anayehakikisha nyumba inapumua. Anasafisha mabomba ya bati yaliyofichwa darini, anabadilisha vichujio, anafunga feni, anapima. Ukiifanya kazi hii vizuri hakuna atakayekushukuru, maana hakuna atakayejua ulikuja. Ukiifanya vibaya, watu wanaumwa kichwa na kuwasingizia majirani zao. Niliipenda tangu mwanzo, na sioni haya kusema hivyo.

Siku ya kwanza nilikuja nimevaa koti la kanisani. Nilitoka kwenye kozi ya watu wazima pale Tumba, na hakuna aliyenieleza kwamba darini kuna vumbi la miaka arobaini linakungoja. Nikakabidhiwa kwa Raimo, Mfini mrefu, mkavu, aliyekuja Sweden ujanani kutafuta kazi na akasahau kurudi. Kiswidi chake kilikuwa cha kuazima kama changu, ndiyo maana tulielewana. Aliliangalia koti langu, akaenda kwenye gari, akarudi na ovaroli inayoweza kuvaliwa na watu wawili kwa pamoja. Hakucheka. Raimo alikuwa akicheka mara moja kwa mwaka, na mwaka ule alikuwa ameshacheka.

Nilitegemea anipe kifaa. Akanipa kipande cha karatasi ya choo.

"Weka pale," akasema, akionyesha tundu la hewa juu ya bafu.

Nikaweka. Karatasi ikang'ang'ania bati kama mtoto mgongoni.

"Hewa inatoka wapi?" akauliza.

Nikaonyesha tundu.

"Huko ndiko inakokwenda. Mimi nauliza inatoka wapi."

Nilizunguka nyumba ya watu nikiwa na karatasi ya choo mkononi, mwenye nyumba akinitazama, mpaka nikaona mwanya mwembamba juu ya dirisha la chumbani na karatasi ikaanza kucheza. Nikamwita Raimo kwa sauti kama nimeokota almasi. Akaitikia kwa kichwa mara moja. Siku hiyo hiyo akanipa sheria yake, ambayo nawapa ninyi bure: kabla hujaikaribisha hewa ndani, ionyeshe mlango wa kutokea, na kabla hujaitoa, jua itakayoingia itapita wapi. Mengine yote ni skrubu.

Vipimo vya kisasa mnavyo, vyenye vioo na betri, na vizuri. Mimi mpaka siku ya mwisho nilitembea na karatasi ya choo mfukoni, maana betri yake haiishi. Mkasi wangu wa bati nao una kisa. Ulitengenezwa kwa ajili ya mkono wa mwanamume kama Raimo, na wiki za kwanza niliufungua kwa mikono miwili kama anayefungua mdomo wa mbuzi anyweshwe dawa. Raimo aliuchukua nyumbani kwake, akaurudisha Jumatatu amekata mpini, amelainisha kwa tupa na kuuzungushia utepe. Mkasi huo nimeuacha kwenye droo ya juu, upande wa kushoto. Anayeukuta asiurefushe.

Sasa niwaambie kuhusu mtaa wa Alby, maana bila Alby hamtaelewa yaliyokuja baadaye.

Kulikuwa na nyumba ghorofa ya tatu ambayo kuta zake za chumbani zilikuwa zimeota ukungu mweusi, na watoto walikuwa wanakohoa. Kampuni ya nyumba ilimtumia mama mwenye nyumba barua nyingi za kumweleza kwamba matundu ya hewa yasizibwe. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tukatumwa sisi. Raimo akapanda ngazi, akaanza kuchomoa: soksi ya mtoto, mfuko wa plastiki, gazeti, soksi nyingine, karatasi ya mkutano wa injili. Kila tundu lilikuwa limezibwa kwa ustadi. Mama mwenyewe, mtu wa Bukavu, alisimama mlangoni amejifunga kitenge juu ya sweta, akamtazama Raimo kama mwizi.

"Mama, hizi soksi za nini?" nikamuuliza.

Akashtuka kusikia Kiswahili, kisha akakasirika zaidi. "Za baridi! Nifanye je? Batoto bakufe na upepo?"

"Upepo haiue batoto. Maji iko ndani ya ukuta, ndiyo inabakohoza."

"Weye uko Mukongomani mwenzangu na unanifungulia baridi?"

Sikubishana. Mwanamke aliyelala chini ya turubai na mtoto kifuani huwezi kumwambia kwa barua kwamba upepo ni rafiki. Sisi wote wa kule tumelelewa hivyo: mtoto hufunikwa kofia hata jua likiwaka, na mtu akiumwa la kwanza ni kufunga dirisha. Ni mapenzi yanayofunga madirisha, si ujinga, na mapenzi hayaondolewi kwa kukemewa. Nikamwomba tuteleke maharagwe. Alishangaa, lakini nani atamkatalia mgeni chakula? Sufuria ikachemka, madirisha yakatoa jasho, maji yakaanza kutiririka mpaka kwenye ukuta. Nikamwonyesha. Kisha nikachomoa soksi moja, ile ya jikoni. Tulipomaliza kula kioo kilikuwa kimekauka, tukaiona barabara ya nje.

"Bon," akasema. "Fungua hii moja. Zile zingine utarudia."

Nilirudi mara kadhaa, kila safari tundu moja. Raimo alilalamika kwamba mimi ndiye fundi pekee Sweden anayefungua hewa kwa awamu. Lakini ukungu ulikwisha, na maharagwe ya yule mama yalikuwa matamu.

Kesi nyingine ni ile ya kibanda nje kidogo ya Jordbro, nyuma ya viwanda, pale miti inapoanza. Watu walikuwa wakilima bangi humo. Polisi walishaondoa mimea na wenyewe, na mwenye eneo alitaka kibanda chake kirudi kuwa kibanda. Tuliitwa kubomoa. Taa zilikuwa bado zinaning'inia kwenye minyororo, mabomba ya hewa yamepita dari nzima, yamenyooka, viungo vimefungwa vizuri. Raimo alipitisha kidole kwenye kila kiungo.

"Fundi huyu ningemwajiri," akasema. Baada ya hatua mbili tatu akaongeza, "Kwa kazi nyingine."

Kilichonishangaza ni kitambaa cheusi. Kibanda hakikuwa na dirisha hata moja, lakini mlango ulikuwa umefunikwa kitambaa kizito kwa ndani, na kila upenyo umezibwa mwanga usiingie. Ukutani kulikuwa na saa ya kuzima na kuwasha taa. Nikajiuliza: watu wanaiba umeme wapate mwanga, halafu wanauzima wenyewe? Kuuliza si ujinga, nikamuuliza askari mwanamke aliyekuwa amebaki kulinda.

"Huo mmea," akasema, "ukipewa mchana mrefu mno unaota majani tu. Unangoja usiku uwe mrefu ndipo utoe maua."

Raimo, ambaye kwao kaskazini jua la kiangazi halizami kabisa, alisikiliza akiwa juu ya ngazi. "Ndiyo maana mimi sijawahi kutoa maua," akasema. Huo ndio ulikuwa mcheko wa mwaka ule, na ulikuwa wetu, si wake.

Harufu ilituganda kwenye ovaroli. Jioni ile kwenye treni ya Tumba, saa ambayo watu wote wanatoka kazini, nilipata viti viwili peke yangu. Na kwa kuwa ninyi ni mafundi, siku moja mtafuatwa. Mimi nilifuatwa na bwana mmoja aliyetaka nimfungie taa na feni kwenye kibanda "cha nyanya", na alisisitiza sana kuhusu kichujio cha harufu. Nikamwambia nimekula nyanya maisha yangu yote na sijawahi kuona nyanya ya kufichwa harufu. Hakurudi. Nanyi jibuni hivyo hivyo, kwa adabu, kisha mwende zenu.

Baada ya hapo nilipelekwa miaka kadhaa kuhudumia shamba la ndani, viwandani pale pale Jordbro, wanakootesha majani ya mboga kwenye rafu chini ya taa. Ni kazi safi, ya halali na ya kuchosha. Huko nilijifunza jambo moja kubwa: taa ni jiko. Ukiongeza taa umeongeza joto, na joto lisipotolewa mmea unateseka huku umesimama kwenye mwanga mzuri. Raimo alistaafu nikiwa huko. Alirudi kwao Ufini, na mpaka leo tunapigiana simu na kunyamaza pamoja.

Sasa nifike kwa Mama Aline, kesi yangu ya mwisho, ambayo haimo kwenye vitabu vya kampuni.

Mama Aline ni Mrundi wa milimani, upande wa Muramvya. Alijifunza Kiswahili kambini Kigoma, na kanisani kwetu ni shemasi, mtu wa kusimama wima. Anakaa Tumba, nyumba za safu, na nyuma ana bustani ndogo na kibanda cha mbao chenye umeme. Mama yake alifariki kule nyumbani Mama Aline akiwa hapa, hana karatasi za kusafiria. Kwao marehemu akiwa mkulima, kila binti hupewa mbegu kutoka ghala lake. Fungu lake lililetwa na msafiri ndani ya kopo la maziwa ya unga: maharagwe ya kupanda juu ya miti, mekundu, yenye doa jeupe kwenye kitovu. Yeye alikuwa binti pekee. Baadaye shamba la mama likauzwa, kaka yake akahamia mjini, na kila alipouliza kwa simu kama kuna mtu bado ana maharagwe yale, jibu lilikuwa hakuna.

Kila kiangazi alipanda machache bustanini. Yalipanda juu mpaka yakapita paa la kibanda, majani makubwa, kijani cha kupendeza, majirani wakisimama kuyasifu. Lakini hayakuwa na ua wala ganda. Vuli ilipofika baridi iliyaunguza yakawa meusi. Mwaka uliofuata alipunguza kopo tena. Wengine kanisani walisema ardhi ya Sweden ni tasa. Mmoja alisema kuna mtu ana jicho baya. Mama Aline aliomba, akafunga, akatia mbolea, akapanda tena. Majani.

Mwaka huu, kabla theluji haijayeyuka, alinunua taa, akaifunga kibandani, akapanda karibu yote yaliyobaki. Alinishika mkono mlangoni pa kanisa mwezi wa nne.

"Mama Riziki, weye ni mtu wa taa na feni. Njoo unitazamie. Kopo limebaki na punje ambazo hata kuku hashibi."

Nikaenda baada ya kazi. La kwanza nililoliona ni waya wa umeme uliolala kwenye theluji chini ya mlango, nikaunyanyua kabla ya kusalimia. Ndani maharagwe yalikuwa yamefika darini, yamekunja shingo na kuanza kurudi chini. Nilitafuta kuanzia shinani mpaka kileleni. Hakukuwa na ua hata moja.

"Taa unaizima saa ngapi?"

"Kuizima?" Akanitazama kama nimemtukana. "Siizimi. Usiku na mchana iko. Nchi hii haina jua, niyanyime na taa?"

"Mama Aline, izime jioni."

"Hapana."

"Yanataka giza."

"Mama yangu yuko gizani," akasema. "Sikumtupia udongo. Nilichopewa ni haya. Siyazimii taa."

Nilikaa kwenye ndoo, yeye akabaki amesimama. Nilijua nimesimama tena kwenye mlango wa Alby, na kwamba nikikemea nimeshindwa. Nikamuuliza jambo jingine.

"Kwenu Muramvya, jua linazama saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Kila mtu anajua."

"Na mwezi wa sita?"

"Saa kumi na mbili."

"Na Krismasi?"

"Mama Riziki, jua ni jua. Saa kumi na mbili, au dakika kidogo huku na huku."

"Na hapa, mwezi wa sita?"

Hapa mwezi wa sita tunatoka kwenye ibada ya jioni jua likiwa bado juu ya majumba, tunafika nyumbani, tunapika, tunakula, na bado mtu anaweza kusoma barazani. Watoto wetu wanakataa kulala, wanasema si usiku. Yeye mwenyewe dirisha la chumbani kwake analifunika blanketi tangu mwezi wa tano.

"Hayajawahi kuona usiku," akasema polepole. "Miaka yote hii nayapanda kiangazi, hayajawahi kuona usiku wa kwao."

"Yanangoja."

Akaketi kwenye ndoo nyingine. "Mana yanje," akasema, Mungu wangu kwa Kirundi. Kisha akauliza nimeyajua wapi mambo hayo, nikamweleza habari za kibanda cha Jordbro, kwa sababu shemasi hadanganywi. Akaruka.

"Umejifunza kwa watu wa bangi! Unataka nimlimie mama yangu kwa elimu ya bangi!"

"Usiku ameuumba Mungu," nikasema. "Wale waliuazima tu."

Hilo lilimtuliza. Nilifunga saa ya kuzima na kuwasha taa. Nilifunika dirisha la kibanda kwa kitambaa cheusi, nikaziba nyufa, na matundu mawili ya hewa, la chini la kuingilia na la juu la kutokea lenye feni ndogo, nikayawekea bomba lililopinda kama kiwiko. Wekeni hili akilini: hewa inajua kukata kona, mwanga haujui. Nikamwambia pia amwite jirani yake, mzee Lennart, aje ayaone maharagwe kwa macho yake kabla hajaona mwanga wa rangi ukichungulia mlangoni na kitambaa cheusi dirishani, akawaza yale ambayo hata mimi ningewaza. Lennart alikuja, akayashika majani, akataka kujua yanapikwaje. Amani ikapatikana.

Binti yake Aline, muuguzi, aliyezaliwa hapa, alitukuta tunakusanya vifaa. Mama yake akamweleza yote kwa Kiswahili, kwa mikono na kwa machozi kidogo. Aline akamkumbatia na kumjibu kwa Kiswidi, "Mamma, det är bara bönor." Mama, ni maharagwe tu. Hakusema kwa ubaya. Lakini nilimwona mama yake akigeuka kufunga mlango ambao ulikuwa tayari umefungwa.

Mwezi wa tano simu ililia nikiwa juu ya ngazi. Mama Aline alikuwa akilia hata sikuelewa neno. Maua. Ya zambarau, alisema, mengi, kila kona. Nilishuka nikakaa kwenye ngazi, nami nikalia kidogo, mbele ya mwanafunzi wa kozi aliyedhani nimepata msiba.

Haikupita muda akapiga tena, na safari hii hakulia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Yameanguka yote," akasema. "Yapo chini. Njoo uyaone kabla sijayafagia."

Nilipofungua mlango wa kibanda joto lilinipiga usoni kama la jikoni siku ya harusi. Maua yalikuwa yametapakaa sakafuni, mashina yamesimama matupu. Sikuhitaji kipimo. Nilitoa karatasi yangu ya choo, nikaiweka kwenye tundu la juu. Ikaanguka. Nikainama kwenye tundu la chini, nikaingiza mkono ndani ya bomba, nikatoa sweta la sufu la mtoto. La juu lilikuwa limezibwa kwa blanketi, feni imezimwa.

"Usiku kulikuwa na baridi," akasema Mama Aline. "Yametoa maua, Mama Riziki. Ni kama mwanamke aliyejifungua. Nikamwache kwenye upepo?"

Nilikasirika, nakiri, na hasira yangu ilikuwa ya hofu. Lakini nililiangalia lile sweta. Lilikuwa la Aline, la utotoni, limefumwa kwa mkono. Mtu hazibi tundu kwa kitu kama hicho ila kwa mapenzi. Nikamwambia taa ni jiko, na ua la haragwe likipata joto kupita kiasi linakufa kabla ya kushika tunda. Nikamwambia mama yake alilima mlimani, siyo ziwani. "Milima ya Muramvya asubuhi ikoje?"

Akafikiri. "Baridi," akasema. "Tulikuwa tunatetemeka tukienda shambani." Kisha akajishika mdomo.

"Bado yana vichipukizi," nikasema. "Haragwe la kupanda juu ya miti halitoi maua mara moja tu. Lakini tukiyafunika tena, basi."

Hapo ndipo nilipofanya kazi ninayojivunia kuliko zote, na iligharimu ubao mmoja. Niliusimamisha mbele ya tundu la chini, ili hewa baridi isiyapige mashina, bali ipande kwanza kwenye taa, ipate vuguvugu, ndipo ishuke. Mama Aline akaweka mkono wake nyuma ya ubao, mahali hewa ilipokuwa ikifika kwenye majani, akaukalisha hapo muda mrefu. Haikuwa baridi. Kisha nikatundika kwenye tundu la juu kipande cha karatasi ya choo kwa uzi.

"Kila ukiingia, tazama hapa," nikamwambia. "Ikicheza, yanapumua. Ikilala, nipigie."

Sweta akalipeleka ndani ya nyumba. Wiki zilizofuata aliingia kibandani mara nyingi kuliko kanisani, na kila jioni alinitumia picha ya karatasi ya choo. Simu yangu bado imejaa picha hizo. Maua ya pili yalikuja machache kuliko ya kwanza, na siku kadhaa hakuna kati yetu aliyethubutu kuyataja. Halafu akatuma picha ya kitu chembamba, kijani, kimejikunja kama ukucha wa mtoto. Ganda. Na nyuma yake jingine.

Mwezi wa sita nilipita kwake jioni moja. Jua lilikuwa kali, Lennart anamwagilia maua yake, watoto wanapiga mpira. Mama Aline alitoka na kitenge chake, akasimama mlangoni pa kibanda, akayaambia maharagwe kwa Kirundi yalale salama, akashusha kitambaa cheusi na kufunga. Kisha tukakaa nje kwenye mwanga mkali tukanywa chai. Nilifurahi. Sina namna nyingine ya kulisema.

Maganda yalikauka wiki ile ile niliyorudisha funguo za gari la kampuni. Karakana mlinipa keki na maneno mazuri, nawashukuru. Jumamosi nikaitwa Tumba. Mama Aline alitandika kitenge sebuleni, tukapukuchua sisi watatu, Aline akiwa bado na nguo za zamu. Mekundu, doa jeupe kwenye kitovu. Yalidunda sakafuni kama mvua inayoanza. Alijaza kopo la maziwa ya unga kwanza, mpaka mfuniko ukakataa. Kisha akatenga mfuko wa kaka yake, akampigia simu ya picha na kumwinulia punje moja mbele ya kioo. Yule bwana mzima alitazama, akavua miwani, akaondoka kwenye picha. Tulisikia tu anapenga kamasi.

Yaliyobaki yalijaza bakuli. Akayaloweka, na kesho yake baada ya ibada akayapika kwa mawese na kitunguu, bila kingine. Alituandalia sahani, yeye mwenyewe akabaki na kijiko mkononi bila kula. Aliogopa, nadhani, kwamba ladha isiwe yenyewe. Mwishowe akaonja, akafumba macho, akatafuna polepole. Kisha akaanza kula.

Aline, ambaye kwa mwaka mzima nilimwona akila saladi tu, alimaliza sahani yake kabla yetu. Akakwangua mawese kwa kipande cha mkate, akainua kichwa.

"Mamma," akasema, "finns det mer?"

Yapo mengine? Mama yake aliweka kijiko chini. Alimtazama binti yake, akalitazama kopo juu ya kabati.

"Yapo, mwanangu," akasema. "Sasa yapo."